Makapi ya Ahero na Mbolea ya Manga

Mwanzoni mwa mwaka 2022, mama mmoja kijana aliteremka mjini Kisii kutoka katika matatu iliyotoka Ahero, akiwa na magunia manne juu ya gari. Utingo aliyeyashusha alistaajabia wepesi wake, akauliza kama yamejaa pamba. Hayakuwa pamba. Yalikuwa makapi ya mpunga, yaani yale maganda yabakiayo mashineni mchele ukisha kukobolewa, ambayo watu wa Ahero huyarundika nyuma ya vinu hata yakawa kama vilima, kisha huyatia moto wapate nafasi ya kurundika mengine. Mama huyo alikuwa akienda kumwamkia baba yake huko Manga, na zawadi yake ilikuwa ndiyo hiyo.

Wifi yake, mke wa kaka yake mkubwa, alipoyaona magunia yakiingizwa uani alicheka hata akajishika kiuno. Desturi ni kwamba binti aliyeolewa nchi ya chini hupanda na samaki, au na mchele. Huyu amepanda na maganda ya mchele! Lakini mzee hakucheka. Alifungua gunia moja, akachota makapi kwa kiganja, akayapuliza, akayaona ni makavu kabisa. Akaagiza yapelekwe katika banda la kuku.

Asiyeijua Manga yafaa aelezwe kidogo. Ni ukingo mrefu wa mlima, wenye majabali, katika jimbo la Nyamira, karibu na mpaka wake na Kisii. Na kabla ya mwaka 1989 nchi yote hiyo ilikuwa wilaya moja tu ya Kisii. Mtu akisimama juu ya mwamba wa Manga siku ambayo mvua imesafisha anga, mji wa Kisii huonekana chini yake, na mbali zaidi, upande wa magharibi na kaskazini, hung'aa maji ya Ziwa Victoria. Mvua ni nyingi, hupita milimita 1,500 kwa mwaka, na udongo ni mwekundu tena wenye kina. Migomba, majani ya chai, mahindi na parachichi hukua bega kwa bega. Walakini mashamba yamegawanywa baba kwa mwana hata mengine hayafiki ekari moja, na udongo unaolimwa mwaka baada ya mwaka bila kupumzika huchoka kama ng'ombe asiyefunguliwa nira.

Mpunga hapo haupandwi. Mpunga ni mazao ya uwanda wa Kano, huko chini ambako udongo ni mweusi, mzito, wenye kunata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Skimu ya Ahero ilianza mwaka 1969, maji yakivutwa kwa mitambo kutoka mto Nyando. Ile ya Kano Magharibi ikafuata mwaka 1976, nayo ikanywa maji ya Ziwa lenyewe. Tangu zamani za kale, kabla ya barabara na kabla ya Serikali yo yote, Wagusii waliteremsha nafaka na Wajaluo wakapandisha ng'ombe. Palipo na njaa upande mmoja, vikapu vilitembea. Kwa hiyo binti wa Manga kuolewa Kano si jambo la ajabu, na mizigo kupita katika njia ya Sondu na Oyugis si jambo jipya. Jipya lilikuwa aina ya mzigo.

Mzee alikuwa na kuku wa mayai wapatao mia mbili. Chini yao alikuwa akitandika unga wa mbao kutoka kwa maseremala, lakini unga huo ulikuwa umeanza kuuzwa, na uliobaki bila bei ulikuwa mbichi, wenye kushika maji na kuleta harufu. Makapi ya mpunga ni bora kuliko huo. Ni makavu, hayagandamani upesi, na kuku huyapekua siku nzima kwa miguu yao wakiyachanganya na kinyesi, kazi ambayo mtu angelipwa kuifanya. Baada ya miezi michache matandiko huwa si makapi tena. Yamekuwa kitu cheusi, kizito, chenye nguvu. Katika kilo mia za mbolea kavu ya kuku hupatikana kilo mbili au tatu za nitrojeni, pamoja na fosforasi, ambayo udongo mwekundu wa Gusii una tabia ya kuing'ang'ania na kuinyima mimea.

Basi shauri la binti lilikuwa kwamba makapi yapande mlima na mbolea ishuke. Halikuwa shauri la mchezo. Mwaka huo bei ya mbolea ya dukani ilikuwa imepanda kupita kiasi; gunia la kilo 50 lilipita shilingi 6,000. Mwezi wa Septemba Serikali ilianza kuuza mbolea ya ruzuku kwa shilingi 3,500, na mwaka 2023 ikaishusha hata 2,500; lakini mpunga wa msimu ule haukuweza kungoja Septemba. Mumewe alikuwa amekwisha kukopa ili kulima. Mtoto wao wa kwanza alikuwa ameitwa sekondari. Binti akateremka na magunia sita ya matandiko ya kuku, akiwa amejaa matumaini.

Hapo ndipo palipotokea hasara.

Desturi ya majirani wengi ilikuwa kuchoma mabua ya mpunga baada ya kuvuna. Moto husafisha shamba kwa siku moja, nao hauombi ujira. Binti aliyekataa kuyachoma alikuwa na haki upande wake. Wataalamu wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, iliyoko Los Baños nchini Ufilipino, wameonyesha kwamba katika potasi yote ambayo mpunga huivuta ardhini, sehemu kama 80 kwa mia hubaki katika mabua, na katika nitrojeni, sehemu kama 40. Anayechoma huiondosha karibu nitrojeni yote hewani, na potasi huiacha katika majivu, mahali pamoja pamoja, pengine ichukuliwe na upepo kwenda shamba la mwingine. Mumewe alikubali, ingawa kwa shingo upande, na mabua yakalimwa ndani ya tope. Juu yake wakamwaga matandiko ya kuku yakiwa bado mabichi, yenye kuwasha macho. Maji yakafunguliwa. Siku ya nne wakapandikiza miche.

Haikupita majuma mawili kabla miche haijageuka rangi ya manjano. Mume alipong'oa mche mmoja aliona mizizi imekuwa myeusi, na kutoka katika tope ilipanda harufu kama ya yai viza. Jaruba la jirani, ambaye alichoma, lilikuwa la kijani kibichi. Watu wa pembeni mwa mfereji hawakusema neno. Walipita tu, wakaangalia, wakaendelea na njia yao, na hilo lilimuuma mwanamume yule kuliko maneno.

Sababu yake haina uchawi. Mabua mabichi yakizikwa udongoni huvamiwa na vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, navyo, kama wafanya kazi wo wote, hutaka chakula. Mabua yana wanga tele lakini nitrojeni haba. Kwa hiyo vijidudu huichukua nitrojeni iliyomo udongoni, na mche mchanga hukaa mezani sahani ikiwa tupu. Baadaye, vijidudu vikisha kufa, nitrojeni hurudi. Lakini mche haujui kungoja. Tena jaruba ni mahali palipofunikwa maji, pasipo hewa. Kilicho kibichi kikioza pasipo hewa hutoa asidi na gesi zenye kuunguza mizizi, na gesi nyingine iitwayo methani ambayo hupanda angani na kuongeza joto la dunia. Mambo yale yale ambayo juu ya kilima, katika shamba kavu la migomba, yasingeleta madhara makubwa, huko chini ndani ya maji yalikuwa sumu ya majuma kadhaa.

Mpunga haukufa wote. Walitoa maji, wakaacha tope lipumue hata likaanza kupasuka, wakanunua kwa mkopo mwingine gunia moja la salfati ya amonia, na miche iliyosalia ikainuka. Mavuno yalikuwa haba. Mtoto alichelewa kwenda shule muhula mzima, na katika nyumba ile neno "mbolea" halikutajwa kwa muda mrefu.

Habari zilipofika Manga, mzee alipatwa na fadhaa ya namna mbili. Kwanza mbolea ilikuwa yake. Pili, mkwe hakaripiwi, wala hafundishwi kama mtoto. Baina ya mtu na mume wa binti yake ipo heshima ambayo Wagusii huiita chinsoni, nayo huwazuia wakwe kusemezana ovyo. Mzee hangeweza kushuka Kano na kusimama kando ya jaruba la mkwewe akimnyoshea kidole. Wala mkwe, kwa upande wake, hangeweza kupanda Manga na kusema mbolea ya baba mkwe imemwua njaa. Aibu kama hiyo imevunja undugu mwingi kuliko ugomvi wa wazi.

Mkwe alikuja mwezi wa Agosti kwa shughuli nyingine, ya matanga. Baada ya chakula mzee alimwita mjukuu wake, mtoto wa miaka tisa, akamwambia mbele ya watu wote, "Bwana mdogo, nenda pale nyuma ya banda, uchomoe kile kijiti kilichochomekwa katika lundo, ukilete hapa mbio."

Mtoto akakileta, akikihamisha kutoka mkono huu hata huu.

"Mbona wakirusharusha?"

"Ni cha moto, Babu!"

"Basi kirudishe. Lundo likiwa na homa halijawa dawa. Utakichomoa tena mwezi ujao, na mwezi wa pili yake. Siku utakayokikuta ni baridi, nalo linanuka kama udongo baada ya mvua, siku hiyo ndipo utaniita."

Mzee hakumtazama mkwewe hata mara moja. Akaendelea kumweleza mtoto jinsi lundo linavyojengwa: tabaka la mabua makavu au mashina ya migomba yaliyokatwakatwa, tabaka la matandiko ya kuku, udongo kidogo, majivu kidogo ya jikoni, maji ya kutosha kulilowesha bila kulitiririsha, kisha kuligeuza kila majuma mawili au matatu ili hewa iingie. Mtoto, ambaye alitaka kwenda kucheza, alisikiliza kwa taabu. Mkwe alisikiliza vizuri sana. Alipoondoka aliaga akasema tu, "Baba, yule mtoto amepata mwalimu."

Elimu hiyo mzee hakuibuni yeye. Katika siku za ukoloni baba yake alikuwa miongoni mwa watu walioamriwa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko na mashimo ya mbolea, chini ya macho ya mabwana shamba. Watu wengi walichukia amri, na walipopata nafasi waliyafukia mashimo pamoja na amri yenyewe. Kwa maana kazi ya kulazimishwa haipendwi hata ikiwa ni ya faida. Huko India Mwingereza Albert Howard, aliyefanya kazi mjini Indore, aliandika katika mwaka 1931 kitabu juu ya takataka za shambani na jinsi ya kuzigeuza kuwa mboji kwa kuzipanga tabaka tabaka na kuzipa hewa. Lakini Howard mwenyewe alikiri kwamba amejifunza mengi kwa wakulima wa Mashariki. Na kweli Wachina na Wajapani walilisha majaruba yao kwa uchafu wa nyumba na wa miji kwa karne nyingi kabla mbolea ya kiwandani haijavumbuliwa.

Msimu uliofuata, huko Ahero, mambo yalifanywa kwa saburi. Nusu ya mabua yalirundikwa juu ya kingo za jaruba pamoja na matandiko ya kuku, yakageuzwa, yakaachwa hata kijiti kikatoka baridi. Nusu ya pili yalilimwa mara tu baada ya kuvuna, udongo ukiwa na unyevu lakini bila maji ya kusimama, yakapewa zaidi ya mwezi mmoja kabla ya kupandikiza. Maji hayakuachwa kutuama tangu mwanzo hata mwisho. Jaruba lilikaushwa siku chache, likanyweshwa tena, nayo ni desturi ipunguzayo ile gesi ya methani na kuokoa maji ya mitambo. Mbolea ya dukani haikuachwa kabisa. Anayesema kwamba takataka pekee zatosha kwa kila shamba hajapiga hesabu: gunia moja la urea la kilo 50 lina kilo 23 za nitrojeni, na kuzipata hizo katika mbolea ya kuku hutaka karibu tani moja. Lakini pale walipokuwa wakinunua magunia manne walinunua mawili, na miche haikugeuka manjano.

Makapi nayo yalipata kazi nyingine. Katika kila kilo mia za mpunga, kilo kama 20 ni makapi. Na makapi hayaozi upesi, kwa sababu yamejaa silika, kitu kile kile kilichomo katika mchanga na kioo. Yakichomwa hata yakawa majivu, sehemu kubwa ya majivu hayo, kama tisa katika kumi, ni silika. Mpunga huipenda kuliko nafaka nyingi. Ndiyo huyapa mabua ugumu wa kusimama na majani uwezo wa kupigana na ukungu. Huko Mwea wako watu waliojifunza kuyachoma makapi huku wakiyanyima hewa, yakawa mkaa mweusi ambao huwekwa udongoni na kukaa miaka mingi ukishika maji na chakula cha mimea. Mkwe alijaribu kidogo katika pipa lililotobolewa. Mara ya kwanza alipata majivu matupu. Mara ya pili alipata mkaa, akautia katika kitalu cha miche, akaridhika.

Magugu ya maji, yale yaliyolivamia Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, pia huozeshwa na wengine kuwa mboji, nayo yafaa. Ila yanywapo maji machafu karibu na miji huweza kubeba madini yenye sumu, hivyo mtu na ajue alikoyatoa. Hali kadhalika taka za sokoni. Maganda ya ndizi na majani ya kabeji ya soko la Daraja Mbili mjini Kisii ni chakula kizuri cha udongo, lakini aliyeyachota bila kuyachambua ameyachukua pamoja na betri, vioo na plastiki. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2017, na jembe bado laikuta shambani.

Mambo yalipotengemaa Ahero, yakachafuka Manga. Mkwe alitaka mbolea zaidi. Magunia sita yakawa kumi, kumi yakawa kumi na mbili. Wifi, ambaye mahindi yake yalikuwa membamba kando ya banda lile lile la kuku, akasema jikoni, kwa sauti iliyokusudiwa kupita ukutani, "Dada yetu aliolewa na ng'ombe walikuja. Hii mbolea nayo yaolewa, mbona ng'ombe wake hawaonekani?"

Maneno hayo yalikuwa makali, na yalikuwa ya kweli. Nchi ya Gusii yenyewe ina njaa ya mbolea. Kila mvua kubwa huteremsha udongo wake mwekundu katika mito, na kila lori la ndizi liendalo Nairobi au Kisumu hubeba potasi ya migomba isirudi tena. Kushusha magunia kumi na mbili kutoka kilima chembamba kwenda kulisha uwanda ni kumvua mtu shati ili kumfunika mwingine. Ingawa makapi yalipanda kwa wingi, makapi si mbolea. Nguvu ya yale matandiko ilitoka katika chakula cha kuku, na chakula cha kuku mzee alikinunua kwa fedha yake.

Mzee alikaa siku mbili bila kujibu. Siku ya tatu alimwita mwanawe pamoja na wifi, akapiga simu Ahero ili binti asikie. Alisema banda husafishwa mara tatu kwa mwaka. Matandiko ya mara mbili yatabaki Manga, moja kwa migomba, moja kwa mahindi ya wifi. Ya mara ya tatu yatashuka. Samadi ya ng'ombe haitashuka kabisa. Na kwa upande wa Ahero, makapi yaje bila kukosa, na kila mavuno uje mchele. Hakutaja ni kiasi gani, kwa sababu ya ile heshima ya ukwe.

Binti alijibu katika simu, "Nimesikia, Baba." Mumewe, aliyekuwa karibu, alikohoa tu, nacho kikohozi kilieleweka kuwa ni ndiyo.

Mchele wa kwanza ulifika baada ya mavuno, pamoja na magunia matano ya makapi. Wifi aliupima kwa gorogoro mmoja mmoja, midomo ikihesabu, mzee akijifanya kusikiliza redio. Alipomaliza alifunga gunia, akaliweka mahali pa juu wasipofika panya, asiseme kama ni mwingi au ni haba. Kisha akatoka uani, akauliza kwa nini makapi yangali yamesimama pale, maana banda lilikuwa limeanza kunuka tangu juzi.